Mshale wa joto katika gari la zamani la spoti: pima kabla ya kushusha injini

Katika biashara ya magari yaliyotumika, hakuna kitu kinachoharibu bei haraka kama mshale wa joto unaopanda kuelekea alama nyekundu. Mnunuzi akiuona anataka kupunguziwa nusu ya bei au anaondoka. Muuzaji naye anaapa kwamba ni geji tu. Fundi aliyeitwa kuamua, mara nyingi bila kupima lolote, anasema gasketi ya hedi imekwisha na injini ishushwe.

Kwa gari la kawaida hasara hiyo inaweza kuvumilika, kwa sababu injini ya Corolla haipatikani kwa shida. Kwa gari la zamani la spoti mambo ni tofauti. Mfano mzuri ni Toyota Celica GT-Four, gari lenye injini ya 3S-GTE ya sentimita za ujazo 1,998 na turbo. Jina lake linajulikana vyema katika ukanda huu: Celica ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1990, kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, na ushindi wa mwaka 1994 ulikuwa wa dereva wa Kenya, Ian Duncan.

Magari ya aina hiyo yaliyobaki hayawezi kuongezwa kwa urahisi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri. Kwa hiyo aliye na gari zima anashikilia mali, na anayeshusha injini nzima bila sababu anaiharibu. Vipuri vyake navyo huagizwa kutoka mbali, Japani au Sharjah, na kila kipande kisicho sahihi ni fedha na muda uliopotea.

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha joto kubwa kwa mpangilio, kuanzia kile kisichogharimu kitu hadi kile cha gharama kubwa.

Swali la kwanza: je, injini ina joto kweli?

Mshale wa dashibodi haupimi joto moja kwa moja. Ndani ya njia ya maji ya injini kuna sensa ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Geji husoma umeme unaopita na kusogeza mshale. Kutokana na mpango huo, waya wa sensa ukichubuka na kugusa bodi ya gari, mshale hupanda hadi mwisho hata kama injini ni baridi. Waya ukikatika, mshale hubaki chini hata kama injini inachemka.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha injini na tazama mshale. Ukipanda papo hapo, tatizo ni la umeme. Kisha chomoa waya wa sensa ya geji. Mshale ukishuka, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki juu, waya umegusa bodi mahali fulani au geji yenyewe imeharibika. Vilevile mshale unaoruka unapowasha taa kubwa au feni ya ndani unaonyesha kasoro ya umeme au waya wa ethi uliolegea, kwa kuwa maji ya injini hayawezi kubadilika joto kwa sekunde moja.

Hapa mafundi wengi huchanganya mambo. Toyota za miaka hiyo zenye mfumo wa kompyuta huwa na sensa zaidi ya moja. Ile ya geji kwa kawaida ina waya mmoja. Ile ya kompyuta ya injini ina waya mbili. Kubadilisha sensa ya kompyuta hakutarekebisha mshale wa dashibodi, na kinyume chake. Sensa ya kompyuta hupimwa kwa multimita: inatakiwa kuonyesha kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20, na kati ya omu 200 na 400 yakiwa na nyuzi 80.

Njia ya uhakika zaidi ni kupima kwa chombo kingine. Kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, kinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya mafundi. Usikielekeze kwenye alumini inayong'aa kwa sababu kitasoma joto la chini kuliko lilivyo. Bandika utepe mweusi wa umeme kwenye mdomo wa maji karibu na sensa, subiri kidogo, kisha pima juu ya utepe. Kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 88 huku mshale ukikaribia nyekundu, injini yako ni nzima na unachohitaji ni sensa au waya.

Tahadhari moja ni muhimu. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakipungua sana, sensa inabaki kwenye hewa au mvuke na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla barabarani si habari njema. Simamisha gari.

Joto la kawaida ni lipi?

Themostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Feni ya umeme huwaka maji yanapofika nyuzi tisini na kitu. Kwa hiyo gari lililo kwenye foleni ya Mombasa mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kusoma kati ya nyuzi 90 na 100 si ugonjwa. Likipanda mlima na mzigo wa turbo, linaweza kupita 100 kwa muda kisha likarudi. Joto likifika 110 na kuendelea kupanda, toa mguu kwenye gesi na utafute mahali pa kusimama.

Jambo linalosahaulika na wafanyabiashara wanaosafirisha magari ni mwinuko wa ardhi. Usawa wa bahari, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, kuna zaidi ya mita 2,700, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 91 tu.

Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha presha ya takriban 0.9 ba hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 119 pwani, na karibu nyuzi 114 Timboroa. Kifuniko chenye mpira uliokauka hakishiki presha yoyote. Matokeo yake, gari lililozunguka Mombasa wiki nzima bila shida linaweza kuchemka njiani kuelekea Malaba, ilhali injini haina kasoro nyingine. Kifuniko ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo wa maji, na ndicho cha kwanza kupimwa. Gereji yenye pampu ya kupima presha ya rejeta inaweza kukipima kwa dakika moja.

Soma wakati joto linapopanda

Baada ya kuthibitisha kwamba joto ni la kweli, usiulize kwanza kipuri gani kimekufa. Uliza joto linapanda wakati gani. Jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa.

Joto linapanda gari likisimama, linashuka likitembea. Hapa tatizo ni upepo. Gari likitembea, hewa hupita kwenye rejeta yenyewe. Likisimama, linategemea feni. Kagua feni, fyuzi, rilei na swichi ya joto. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo, swichi ya feni imefungwa wakati wa baridi na hufunguka ikipata joto. Hivyo ukichomoa plagi yake huku swichi ya gari ikiwa imefunguliwa, feni inapaswa kuwaka. Isipowaka, chunguza rilei, fyuzi na mota. Ikiwaka, waya na mota ni vizima na swichi ndiyo ya kushukiwa. Fundi aliyezoea magari yenye swichi ya aina ya pili hujaribu kuunganisha waya kwa pamoja, akaona feni haiwaki, akatangaza mota imekufa. Angalia pia kama kava la feni bado lipo. Magari mengi yaliyogongwa mbele hurudishwa barabarani bila kava hilo, na feni huishia kuzungusha hewa ileile.

Joto linapanda kwenye mwendo mkubwa au mlimani, linashuka likisimama. Hapa tatizo ni maji kutozunguka vya kutosha au rejeta kutotoa joto. Rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa hutosha kwa mwendo mdogo lakini hushindwa injini inapotoa nguvu. Pima kwa infraredi sehemu mbalimbali za rejeta, injini ikiwa moto: joto linatakiwa kupungua polepole kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka. Sehemu iliyo baridi ghafla ina mirija iliyoziba. Safisha pia nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, ambako wadudu, vumbi na nyasi hujazana bila kuonekana kutoka nje. Bomba la mpira la chini nalo likaguliwe: likizeeka hulainika na kujibana kwa mvuto wa pampu wakati injini inakwenda kasi, kisha hurudi katika umbo lake gari likisimama.

Joto linapanda dakika chache baada ya kuwasha, na rejeta bado baridi. Maji hayafiki kwenye rejeta. Themostati imekwama ikiwa imefunga, au kuna hewa ndani, au pampu haisukumi. Themostati hupimwa jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, na utazame inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi.

Joto linapanda ovyo, bila mpango. Mara nyingi ni hewa iliyobaki ndani ya mfumo baada ya kubadilisha maji. Jaza polepole gari likiwa limeinuliwa mbele, kifuniko kikiwa wazi na hita ya ndani ikiwa imefunguliwa, mpaka mapovu yaishe.

Wenye Celica GT-Four wazingatie jambo moja zaidi. Toleo la kwanza la ST165 na toleo la ST205 yana intakula inayopozwa kwa maji, yenye mzunguko wake tofauti na ule wa injini. Mtu asiyelijua gari anaweza kujaza maji upande mmoja akidhani amejaza pande zote. Hakikisha unajua ni kifuniko kipi cha injini na ni kipi cha intakula.

Gasketi ya hedi: usiitangaze bila ushahidi

Ni kweli kwamba injini ya 3S-GTE, kama nyingine nyingi, ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Vyuma hivi viwili havitanuki sawa. Injini ikichemka mara kadhaa, hedi hupinda na gasketi huanza kupitisha gesi. Hata hivyo, mara nyingi gasketi ni matokeo ya kasoro nyingine iliyopuuzwa. Ukibadilisha gasketi bila kurekebisha feni au rejeta, utarudi gereji baada ya miezi michache na gasketi nyingine iliyoungua.

Ushahidi wa gasketi unapatikana bila kufungua injini. Kwanza, maji hupungua bila kuvuja popote. Pili, mapovu hutoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, hata baada ya hewa yote kutolewa. Tatu, mabomba ya maji huwa magumu kwa presha dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi. Nne, oili hugeuka rangi ya maziwa, au moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi hata injini ikipata joto. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida.

Vipo vipimo viwili vya kuthibitisha. Kimoja ni kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: gesi ya moshi ikipita ndani yake, katika injini ya petroli, hugeuka njano. Cha pili ni kupima kompresheni ya kila silinda. Kwa injini hizi tofauti kati ya silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo ya kushukiwa zaidi. Vipimo vyote viwili vikiwa safi, usikubali injini ishushwe kwa sababu ya mshale.

Desturi ya kutoa themostati

Desturi iliyoenea katika gereji za ukanda huu ni kutoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Desturi hii huleta hasara mbili. Injini isiyo na themostati hukaa baridi mno, hasa nyanda za juu kama Eldoret, Kabale au Mbeya. Kompyuta huona injini baridi na kuendelea kuongeza petroli, gari hunywa mafuta kupita kiasi na silinda huchakaa mapema.

Hasara ya pili huwashangaza wengi. Themostati za injini nyingi zina kisahani cha pili kinachoziba njia fupi ya maji pale injini inapopata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupozwa. Gari lililotolewa themostati ili lisichemke huanza kuchemka mlimani kwa sababu hiyohiyo. Unaponunua gari la zamani, kuuliza kama themostati ipo ni sehemu ya ukaguzi kama kuuliza kadi ya gari.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa hutengeneza tabaka ndani ya rejeta, na maji matupu hutafuna alumini ya hedi na pampu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulenti na maji safi yaliyochujwa chumvi huzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Ukifungua rejeta ya gari unalouziwa ukakuta maji ya rangi ya matope, umeshajua historia ya mfumo huo.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anayetaka gari la aina hii, hasa anayesafiri kutoka mji mwingine, afanye makubaliano na muuzaji kwamba gari lisiwashwe kabla hajafika. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Afungue kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, atazame maji na mpira wa kifuniko, kisha awashe na kulisikiliza bila kuondoka. Asubiri feni iwake na kuzima angalau mara mbili gari likiwa limesimama. Baada ya hapo aliendeshe mahali penye mlima, kwa dakika ishirini au zaidi, na akirudi aliache likingurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe kabla ya kulizima. Gari likipoa kabisa, aangalie tena kiwango cha maji. Hatua hizi zote hazihitaji chombo chochote cha gharama.

Muuzaji naye ana faida ya kupima mapema. Gari lenye karatasi ya gereji inayoonyesha kompresheni ya silinda zote nne na kipimo cha presha ya rejeta huuzwa kwa mazungumzo mafupi. Gari lenye mshale juu na maneno matupu huuzwa kwa bei ya vipuri, hata kama ugonjwa wake ni sensa moja.

Mwisho, mambo mawili ya usalama. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto: maji yenye zaidi ya nyuzi 100 yataruka usoni mara presha ikitoka. Na usimimine maji baridi kwenye injini inayochemka, kwa sababu hedi inaweza kupasuka. Zima, fungua boneti, subiri bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono, ndipo uongeze maji kidogo kidogo.